Baba Mkwe Kwenye Katuni

Jumatatu, 3 Machi

Makambako. Picha za pasipoti tangu nafungua duka. Dereva wa lori hataki kuvua kofia, bibi hataki kuvua kilemba. Nikamwambia bibi serikali inataka kuona masikio. Akasema serikali ina masikio yake, iyatumie kwanza. Nimempiga picha na kilemba chake. Atarudishwa, najua, na atanilaumu mimi.

Saa kumi simu ya Mama Nyagawa kutoka Kichiwa, kijijini kwa mume wangu. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha parachichi, hapigi bure. Shehena imerudishwa, gari zima. Mkaguzi wa mnunuzi alipasua matunda kutoka kreti yetu, yote meusi ndani. Kreti yetu maana yake ya nyumba ya baba mkwe wangu. Mkaguzi atarudi tarehe kumi Aprili. Yakikataliwa tena, kikundi kinafutwa kwenye orodha yake. Na kabla hatujafika huko, kasema Mama Nyagawa kwa upole unaouma, kikundi kitabidi kiitoe nyumba yenu.

Mimi ndiye katibu wa kikundi. Masharti yale niliyaandika kwa mkono wangu. Nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto, na bado nilikuwa na wateja watatu kwenye benchi.

Jumamosi, 8 Machi

Kichiwa. Ukungu mpaka saa nne. Nilisikia kabla sijaona. Pu. Kimya. Pu, pu. Mzee chini ya mti, koti lake refu la kijivu, kofia ya sufu, mwanzi mrefu mikononi. Anapiga matawi, maparachichi yanashuka kwenye nyasi. Anayaokota, anayapangusa kwenye koti, anayapanga kwenye kreti kwa adabu kabisa.

Adabu baada ya kipigo haisaidii. Parachichi la kisasa linakatwa kwa mkasi, linaachiwa kikonyo kifupi, linashushwa mkononi. Likianguka halionyeshi kidonda. Kidonda kinajitokeza siku za mbele, likiwa melini, na anayekiona ni mtu wa mbali mwenye kisu. Lakini yale ya kienyeji, ya miti mirefu, Mzee ameyaangusha kwa mwanzi maisha yake yote, na watu wakala wakashiba. Kwa hiyo anajua. Mama Nyagawa amemwambia mara mbili, akajibiwa kwa kopo la ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, na hadithi ndefu. Na Mzee akitumia mwanzi, nusu ya kitongoji inatumia mwanzi. Ni mzee wa kanisa, watu wanamwangalia yeye.

Mimi nikapiga magoti, nikasema kamwene, salamu ya kwetu, nikaitikiwa, nikaingia jikoni. Basi. Kwetu mkamwana hamkosoi baba mkwe. Jina lake silitaji, meza moja naye sikai. Zamani ningemwambia mama mkwe. Angechagua siku, angechagua maneno, na asubuhi Mzee angeamka na wazo hilo akidhani ni lake. Mama alifariki mwaka juzi. Tangu hapo kati yangu na Mzee kuna salamu tu.

Miti ile arobaini niliipanda mimi, mwaka nilioolewa. Ina miaka saba. Nina hasira.

Jumapili, 9 Machi

Nimemtuma Baba Tumaini. Mume wangu ni seremala Njombe mjini, anabishana na mbao, misumari na wateja wasiolipa, lakini mbele ya baba yake ni kondoo. Amekwenda, amerudi dakika tano. Jibu la Mzee: alikuwa anapanda miti mwanawe hajaota meno. Baba Tumaini ameona jibu linatosha. Mimi sijaona.

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu mmoja kutoka Njombe kaja kuchapisha picha za kipaimara cha binti yake. Kafungua simu, nikadhani amekosea faili. Zilikuwa katuni. Binti kwenye gauni jeupe, mistari ya kalamu, vyumba vinne kwenye ukurasa mmoja, shangazi anatokwa na kiputo cha maneno anauliza keki iko wapi. Nikamuuliza nani kachora. Hakuna aliyechora, kasema, ni programu. Unaipa picha zako mwenyewe, inazigeuza. Maneno unaandika wewe.

Nilimzuilia picha zake mpaka aliponiwekea programu hiyo kwenye kompyuta yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Dukani hakuna kazi iliyofanyika. Nimejiweka mimi: imenipunguza kiuno, imeniongezea kope. Sikulalamika. Nimemweka Baba Tumaini: imempa mabega ya askari. Nimeweka picha ya mnada wa ng'ombe: ng'ombe wote wanatabasamu.

Halafu nikaweka picha ya shamba. Parachichi moja, karibu kabisa. Nikaliandikia kiputo: "Usinipige, nina safari ndefu." Nikakaa nikilitazama.

Karatasi za bwana shamba, zile zenye namba na herufi ndogo, Mzee anafunikia debe la ulanzi. Lakini picha anaitazama. Hakuna mtu asiyetazama picha. Na karatasi haina baba mkwe. Inaweza kusema chochote kwa mtu yeyote, haipigi magoti. Nimefunga duka saa tisa, kichwa kinachemka.

Jumamosi, 15 Machi

Kichiwa, na kamera. Mama Nyagawa kavaa kitenge cha harusi kupanda ngazi. Nimempiga picha akishika mkasi, akiacha kikonyo, akiweka tunda kwenye kreti iliyo kivulini. Jirani zake nao wakaja wamejipaka mafuta. Wote wanataka kuwa mkulima mwerevu.

Mjinga hapatikani. Nimewaomba watu sita, mmoja mmoja, washike mwanzi wapige tawi, kwa mfano tu. Ghafla wote wanaumwa mgongo.

Kwenye simu yangu ipo picha. Ya msimu uliopita. Mzee na mwanzi wake, mdomo wazi, matunda hewani. Pengine ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Hapana. Hapana kabisa.

Jumanne, 18 Machi

Nimeitumia.

Lakini nimemficha. Programu ilimgeuza mistari, nami nikaongeza sharubu na tumbo, koti nikalipaka kijani. Nimembatiza Bwana Mwanzi. Anapiga matawi, anajisifu, gari linarudishwa, majirani wanamtazama. Chumba cha mwisho amekaa peke yake juu ya kreti ya matunda meusi. Nilicheka mwenyewe dukani mpaka mteja akasema atarudi kesho.

Ijumaa, 21 Machi

Njombe, kuchapisha kwa rangi. Mashine yangu inajua nyeusi tu. Baridi ya kukata, mvua ya kulowesha bila kunyesha. Nimempitia Baba Tumaini karakana nikampa nakala. Kasoma mpaka mwisho, kakohoa, kasema rangi zimekaa vizuri.

Kama mtoto hakumtambua baba yake, nani atamtambua? Nimerudi Makambako nikiimba.

Jumapili, 23 Machi

Wote. Wote wamemtambua.

Baada ya ibada ulikuwapo mnada wa sadaka nje ya kanisa, kama kila Jumapili. Kuku, maboga, mayai. Mama Nyagawa aliona ndiyo nafasi, akagawa karatasi nilizomletea. Watu wakasoma. Kisha mama mmoja wa kwaya akacheka, akajiziba mdomo, na kicheko kikaenda mtu kwa mtu. Nikaitazama karatasi upya. Kofia. Nilibadilisha koti, uso, tumbo. Kofia ya sufu yenye mistari, aliyoifuma marehemu mama mkwe, isiyo na ya pili Kichiwa nzima, nikaiacha kichwani pake.

Na Mzee ndiye aliyekuwa ananadi. Jogoo mkononi. Akampa mtu jogoo, akapokea karatasi, akaitazama chumba kwa chumba. Akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa ndani wa koti. Akamchukua jogoo tena, akamaliza kumnadi. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Afadhali ingetetemeka.

Njiani Baba Tumaini amekiri: alimtambua tangu Ijumaa. Aliogopa kuniambia. Nyumba hii itakufa kwa heshima. Nilitembea mbele yake mpaka barabarani bila kugeuka.

Jumatatu, 24 Machi

Sikufungua duka. Nimemdhalilisha mzee wa watu mbele ya kanisa, halafu nikajiita mjanja.

Jumatano, 26 Machi

Mama Nyagawa kapiga. Mzee hachumi. Hajagusa mwanzi tangu Jumapili, mkasi pia hajagusa. Matunda yamekomaa yako mtini. Kitongoji kizima kimesimama, kinasubiri kuona Mzee atafanya nini. Zimebaki wiki mbili mkaguzi arudi, na hakuna kreti hata moja.

Na Jumamosi kuna kikao cha ukoo. Nimeitwa. Niende na jogoo wa kuombea msamaha.

Nimemnunua mwekundu, mwenye kiburi. Alinidonoa njia nzima.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika haraka kabla sijasahau namna maneno yalivyopangika.

Sebuleni kwa Mzee. Wanaume kwenye viti, mimi mkekani, jogoo kando yangu amefungwa miguu. Kopo la ulanzi lilizunguka, kwangu likapita. Msemaji alikuwa baba mdogo, mdogo wake Mzee. Alisema mengi. Ukoo huu haujawahi kuchorwa. Dunia imeharibika, sasa mkamwana anamcheka mkwewe kwa kompyuta. Baba Tumaini alikuwa anazisoma mbao za dari. Mwisho baba mdogo akauliza: kama nilikuwa na neno, kwa nini sikulisema?

Nilikuwa nimeandaa msamaha mrefu. Ukapotea wote. Nikasema huku nikitazama mkeka, "Ningemwambia mama. Mama hayupo."

Hakuna aliyekunywa tena. Mzee akavua kofia, akaiweka gotini. Akatoa ile karatasi mfukoni, na mikunjo yake minne. Tangu niolewe sijawahi kumsikia akinielekezea maneno zaidi ya salamu na "chai imekwisha?"

"Huyu mtu amekosea," alisema. "Nimemsoma siku sita. Gari limerudi, watu wamemcheka, amekaa juu ya kreti. Halafu? Umemwacha pale. Mtu akishakosea anafanya nini? Mbona hukuandika?"

Nikasema nilidhani hatabadilika.

"Ulimuuliza?"

Ilinichukua muda kuelewa alichokuwa anaomba: vyumba vilivyobaki. Baba mdogo hajaelewa mpaka sasa. Msamaha niliuomba, wakaupokea. Mzee akaagiza jogoo akafunguliwe miguu, apelekwe bandani na wenzake. Kisha akasema kesho baada ya ibada nije na kamera, na mkasi.

Nimelia jikoni. Nilikuwa nimeogopa wiki nzima, na leo woga umenitoka wote kwa mpigo.

Jumapili, 30 Machi

Mzee kwenye ngazi! Mkasi ulimsumbua kama dakika kumi, baadaye hakuutaka uondoke mkononi. Tatizo likawa picha. Kila nikiinua kamera anakauka: mikono chini, macho mbele, hacheki, kama walivyosimama watu wa zamani kwa mpiga picha wa misheni. Nikamnong'oneza Mama Nyagawa abishane naye kuhusu urefu wa kikonyo. Akabishana kwa moyo wote. Hapo nikapiga picha thelathini, zote hai.

Alipasua pia tunda moja kati ya yale aliyoyaangusha mwanzoni mwa mwezi, lililokuwa limebaki ghalani. Jeusi mpaka kwenye kokwa. Akalitazama, akalinusa. Picha hiyo nayo ninayo.

Jumatano, 2 Aprili

Programu imemfanya Mzee kijana. Imefuta mikunjo yote, imempa meno ambayo hana. Nikamtumia Baba Tumaini kwenye simu, naye yuko Kichiwa wiki hii, akamwonyesha. Jibu limekuja: arudishe uzee wangu, kijana hawezi kuwafundisha watu hawa.

Nimeurudisha, mkunjo mmoja mmoja. Sharubu nimenyoa, tumbo nimeondoa, koti ni la kijivu. Kofia iko palepale.

Na hataki tena kuitwa Bwana Mwanzi. Anataka jina lake. Hapo nikakwama. Jina la baba mkwe silitamki, na mkono nao ukakataa kuliandika. Vidole viko kwenye kibodi, haviendi. Imebidi nimngoje Baba Tumaini aje kutoka Kichiwa jioni aliandike yeye, herufi kwa herufi, huku mimi nimegeukia ukutani. Mteja aliyekuwa anasubiri fotokopi alidhani tumegombana.

Jumapili, 6 Aprili

Leo kagawa mwenyewe. Mnada ulisimama, kuku wakawekwa chini. Mzee kapita mstari kwa mstari, kila mkono karatasi, na kila aliyecheka alicheka naye. Vyumba vinane. Anakosea, anachekwa, anakaa juu ya kreti, anapasua tunda, anasimama, anachukua mkasi. Chumba cha saba anabishana na Mama Nyagawa. Cha nane kiputo chake kinasema maneno aliyoniamuru niandike, bila kupunguza: "Niliyapiga mwaka mzima. Hayakunikosea kitu."

Yule mama wa kwaya kaja kuniomba nakala ya pili, ya kubandika sebuleni. Nimejiona mrefu.

Jumatatu, 7 Aprili

Duka limefungwa, niko Kichiwa. Kitongoji kizima kinachuma. Huwezi kusikia pu hata moja, unasikia mikasi. Mzee anapita nyumba kwa nyumba, mkasi umening'inia shingoni kwa kamba, katuni mkononi, anaonyesha kwa kidole chumba cha sita. Kamkuta baba mdogo amejificha nyuma ya banda na mwanzi. Mwanzi umekatwa vipande, umekuwa kuni za chai. Chai hiyo tumekunywa wote, baba mdogo kanuna peke yake.

Jumatano, 9 Aprili

Kreti zimejaa kituo cha kukusanyia, zote kivulini, zimefunikwa majani. Nimezihesabu mara tatu, nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Baba Tumaini kaniambia nile. Nimemwambia ale yeye.

Alhamisi, 10 Aprili

Tumeshinda.

Niandike kwa utaratibu. Mkaguzi kafika saa tatu, mtu wa makamo mwenye buti safi na kisu kidogo. Hakusalimia sana. Kaanza na kreti yetu, kwa makusudi, maana anaikumbuka. Kachukua tunda, katazama kikonyo. La pili, kikonyo. Kachukua hadi matunda ya chini kabisa, pale watu wanapoficha uchafu wao. Vikonyo. Hakupasua chochote, kayapanga pembeni, kasema atayakata akishamaliza kreti za wengine. Saa nzima. Watu wamesimama kama kwenye maziko. Mzee hakukaa kiti alicholetewa.

Karudi, kayakata yote. Kijani, kijani, kijani. Mpaka kwenye kokwa.

Kafuta kisu, kasema pakieni. Neno moja tu hilo. Mama Nyagawa kapiga kigelegele, na mimi, katibu, mwanamke mzima mwenye daftari kwapani, nikaruka juu mpaka kiatu kikatoka. Wanawake wakaanza kuimba, wanaume wakajifanya wanabeba kreti ili wasionekane wanacheza. Nyumba yetu inabaki. Kikundi kinabaki. Miti yangu arobaini imeondoka Kichiwa ikiwa kwenye kreti, na hairudi.

Mkaguzi kaiona katuni ukutani. Kasoma, kamtazama Mzee, kasoma tena. Kauliza kama anaweza kupata nakala za vikundi vya Wanging'ombe, nako wana mianzi. Mzee kamjibu kabla sijafungua mdomo: azipate, lakini awaambie huyo ni mtu wa kweli na yuko hai. Kisha kaninyooshea kidole mbele ya watu wote.

"Mchoraji ni huyu. Mkamwana wangu."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama kiatu changu kilipokuwa, na nilicheka, na kila mtu aliniona.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua imepungua. Duka nimelifunga mchana, nimekuja Kichiwa na miche kumi na miwili ya kubebeshwa, kijiti cha kisasa juu ya shina la kienyeji, kutoka kitalu cha Njombe. Mzee alikuwa ameshachimba mashimo, nyuma ya nyumba, upande usio na upepo. Baba Tumaini bado yuko kazini. Tulikuwa wawili tu, kila mtu na shimo lake.

Kuku walikuwa wanachakura kwenye udongo mpya. Mzee aliuweka mche wa kwanza vizuri, akaunyoosha, akaanza kurudisha udongo. Akaurudisha mwingi. Ukapanda mpaka kwenye kiungo, pale mche ulipobebeshwa, na akawa anaushindilia kwa kiganja. Kiungo kikifunikwa kinaoza, na mti hautoki.

Niliangalia nyumba kama kuna mtu wa kumtuma. Hakukuwa na mtu. Nikabaki na jembe mkononi.

Nikasema, "Baba, hapo kwenye kiungo pasifunikwe."

Mikono yake ikasimama. Akautazama mche, hakunitazama mimi. Kisha akainama, akaufukua udongo kwa vidole, polepole, mpaka kiungo kikaonekana chote.

"Hapa?" akauliza.

Nikasema hapo hapo.